Msukumo wa maji nyumbani: ya kujua kabla ya kugusa vali au kupandisha tangi

Wakazi wengi wa mji wa Kakamega wanaijua ratiba hii bila kuandikiwa. Saa kumi alfajiri mfereji wa jikoni hutoa maji kwa nguvu ya kurusha matone hadi dirishani. Saa moja asubuhi, watoto wakioga ili waende shule, mfereji huo huo unatoa uzi mwembamba. Jioni hali hujirudia. Baadhi ya wenye nyumba huamua kumwita fundi aje aongeze presha, na wengine huchukua spana wenyewe.

Kurekebisha msukumo wa maji si kazi ya kuogofya, na sehemu yake kubwa mwenye nyumba anaweza kuifanya bila kutoa hata shilingi. Hata hivyo, ni kazi inayohusu tani za maji zinazokaa juu ya vichwa vya watu, stima inayopita bafuni, na bomba moja ambalo jirani naye analitegemea. Makosa matatu hujitokeza mara kwa mara: tangi kupandishwa juu ya mnara usioweza kulibeba, pampu kufungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, na vali ya usalama kuzibwa kwa sababu inadondosha maji. Kila moja linaweza kumdhuru mtu.

Kwa nini msukumo hubadilika

Maji ya mji wa Kakamega hutolewa mito ya Yala na Isiukhu. Yakishasafishwa hupigwa kwa pampu hadi kwenye matangi makubwa, na kutoka hapo huteremka mitaani kwa uzito wake yenyewe. Wakazi wote wakifungua mifereji saa moja, maji hukimbia kwa kasi ndani ya mabomba, na msuguano wa kukimbia huko hula sehemu ya nguvu yake. Aliye mwinukoni au mwisho wa laini ndiye hukauka kwanza. Usiku, mifereji ikiwa imefungwa, maji hayakimbii na nguvu yote hurudi. Mvua ya alasiri yenye radi ikikata stima, jambo ambalo si geni Kakamega, pampu husimama na matangi huanza kushuka.

Kwa hiyo nyumba moja inaweza kuwa na matatizo mawili yanayopingana: msukumo mdogo mchana na msukumo wa kupasua mabomba usiku. Anayerekebisha vali saa sita mchana kwa kutazama mfereji unaotiririka taratibu anarekebisha nusu tu ya tatizo, na usiku atalipia nusu ya pili.

Pima kabla ya kununua chochote

Kifaa cha kwanza kimo katika kila boma: mtungi wa lita 20 na simu yenye saa. Fungua mfereji wote, hesabu dakika ambazo mtungi unachukua kujaa. Ukijaa kwa dakika moja, unapata lita 20 kwa dakika, kiasi kinachotosha nyumba ya kawaida. Ukichukua dakika tano, hiyo ni lita 4 kwa dakika, na hapo kuoga ni kazi.

Pima kwanza kwenye mfereji ulio karibu na mita, kisha kwenye mifereji ya ndani. Ulinganisho huu unaokoa pesa nyingi. Mfereji wa nje ukijaza mtungi haraka na wa bafuni ukichelewa, basi maji yanafika kwako vizuri na kasoro imo ndani ya nyumba. Katika hali hiyo hakuna pampu wala tangi litakaloiondoa.

Kasoro za ndani mara nyingi ni ndogo. Koki iliyo baada ya mita inaweza kuwa ilifungwa wakati wa ukarabati na kufunguliwa nusu tu. Kichujio kidogo kilicho mdomoni mwa mfereji hujaa mchanga baada ya bomba la mtaa kupasuka na kuungwa. Kifungue, kioshe, kirudishe. Vitundu vya kichwa cha bafu huziba pia. Mabomba ya chuma katika nyumba za zamani hushika kutu kwa ndani hadi nafasi ya maji inabaki kama ya kalamu, na hayo dawa yake ni kubadilishwa. Na pale ambapo bomba linapanda, likapita juu ya mlango, kisha likashuka tena, hewa hunaswa kwenye kile kilele na kuyazuia maji yanayotoka kwenye tangi. Maji hukohoa, hutoka kwa vipande, kisha hunyamaza. Fundi mzuri hulaza bomba upya au huweka mahali pa kutolea hewa.

Kabla ya kumaliza upimaji, funga mifereji yote na utazame mita. Kama kile kigurudumu kidogo kinaendelea kuzunguka, maji yanapotea mahali fulani. Mara nyingi ni tangi la choo: boya halifungi vizuri na maji yanashuka ndani ya choo kimya kimya, mchana na usiku.

Hesabu ya mita kumi

Anayetegemea tangi anahitaji kujua hesabu moja tu. Maji yaliyo mita 10 juu ya mfereji hutoa msukumo wa karibu bar 1. Mita 1 ni sehemu ya kumi ya bar. Ukubwa wa tangi hauhusiki: la lita 500 na la lita 10,000, yakiwa na maji ya kimo kimoja, husukuma sawa.

Chukua tangi lililo juu ya mnara wa mita 3. Mfereji wa jikoni uko mita 1 kutoka chini, hivyo tofauti ni mita 2, yaani bar 0.2. Kichwa cha bafu kiko mita 2 kutoka chini, na tofauti inabaki mita 1 pekee, bar 0.1, tangi likikaribia kuisha. Ndiyo maana maji ya jikoni yanaonekana mazuri na ya bafuni yanasikitisha, ingawa yanatoka kwenye tangi moja.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza malalamiko ya wapangaji katika majengo ya ghorofa yaliyoota karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Lurambi na Kefinco (mtaa ambao jina lake, kwa bahati, ni la mradi wa maji wa Kenya na Ufini). Tangi likiwa juu ya paa la jengo la ghorofa nne, mpangaji wa chini kabisa ana zaidi ya mita 10 za maji juu yake. Wa juu kabisa ana mita mbili au tatu. Anayelala karibu na tangi ndiye mwenye maji dhaifu.

Tamaa ya kupandisha tangi

Baada ya kujua hesabu hiyo, wazo la kwanza la kila mtu ni kuinua tangi. Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 1,000 lililojaa ni tani moja, na la lita 5,000 ni tani tano, uzito wa lori dogo lililopakiwa, ukikaa mahali pamoja miaka yote huku mvua ikilainisha udongo chini ya nguzo.

Mnara wa mbao uliojengwa kwa ajili ya tangi la lita 500 haufai kwa la lita 2,000, hata kama fundi anasema ameona ukishikilia. Mbao huliwa na mchwa na huoza pale zinapogusa ardhi, na mnara hauinami kwanza ili kuonya watu. Huanguka kwa mara moja, tangi likiwa limejaa. Kuongeza mawe au matofali chini ya miguu ya mnara uliopo ni hatari zaidi, kwa sababu miguu haijafungwa kwenye kitu chochote. Chini ya mnara si mahali pa kufulia, kufugia kuku, wala watoto kuchezea.

Tangi la plastiki nalo linahitaji kukaa juu ya sakafu iliyo sawa na iliyofunikwa yote. Likiwekwa juu ya mbao zenye mianya, kitako chake huanza kushuka katikati ya nafasi hizo na siku moja hupasuka. Tangi la juu ya paa la saruji likae mahali ambapo kuta au mihimili ya chini inalibeba, na uamuzi huo ni wa mhandisi wa majengo. Mbao za paa la mabati hazikukusudiwa kubeba tani.

Na mara nyingi kuinua tangi hakuhitajiki. Kutoka mita 3 hadi mita 4 kunaongeza bar 0.1 tu. Kubadilisha bomba linalotoka kwenye tangi, kutoka nusu inchi hadi robo tatu inchi, kunaongeza nafasi ya maji kupita kwa zaidi ya maradufu. Watu wengi hupata maji ya kutosha kwa kutoa bomba la inchi moja kwenye tangi, kulipeleka hadi nyumbani, kisha kulipunguza pale tu linapoingia bafuni. Gharama ni ndogo kuliko ya mnara mpya, na hakuna kinachoweza kumwangukia mtu.

Hita ya bafu

Hita za papo hapo zinazofungwa juu ya bafu huwashwa na maji yenyewe. Ndani yake kuna mpira mwembamba. Maji yakiusukuma, hugusanisha nyaya na stima ikaanza kupita. Msukumo ukiwa mdogo mno, hita haiwaki au inawaka na kuzima. Ukiwa mkubwa, maji hupita haraka na kutoka vuguvugu. Hita nyingi za aina hii huhitaji angalau mita 1 ya maji juu yake, na kiwango kamili huandikwa kwenye kibandiko.

Kupunguza maji ili yapate moto ni sawa, mradi koki inayogeuzwa iko kwenye bomba linaloingia kwenye hita. Kusiwe na koki yoyote baada ya hita. Mdomo wake wa kutolea maji ukifungwa, presha ya bomba lote hujaa ndani ya chombo ambacho hakikutengenezwa kuistahimili, chombo chenye stima juu ya kichwa cha mtu aliyelowa.

Maji yakirudi baada ya kukatika, zima swichi ya hita kwanza. Acha maji yatiririke hadi hewa yote itoke, kisha uwashe. Koili ikiwaka kwenye hewa huungua. Na kabla ya kufungua kifuniko au kubadilisha kichwa, zima breka kuu ya nyumba, si swichi ya bafuni pekee. Nyaya za hita, pamoja na waya wa ardhi, ni kazi ya fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Mtu anayesikia mnyweo kidogo akigusa mfereji huku hita ikiwaka asizoee hali hiyo. Azime stima na asioge hapo hadi kasoro ipatikane.

Pampu na bomba la mtaa

Pampu ndogo za kuongeza msukumo sasa zinauzwa katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi. Si haramu kumiliki pampu. Tatizo ni inapofungwa.

Pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba linalotoka kwenye mita hufyonza bomba la mtaa. Nyumba za jirani hukauka, nao hununua pampu, na baada ya muda mtaa mzima unashindana kunyonya maji yale yale. Hilo ni la ujirani. La afya ni kubwa zaidi. Bomba la mtaa likiwa na maji yenye msukumo, tundu dogo huvuja kuelekea nje. Bomba likifyonzwa, tundu hilo hilo huvuta kuelekea ndani, na kinachovutwa ni maji ya mtaroni na yaliyopita karibu na vyoo vya shimo. Maji yaliyosafishwa kwa dawa hufika mferejini yakiwa yamebeba homa ya matumbo au kipindupindu. Katiba, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Jirani naye ni mtu.

Njia sahihi inahitaji tangi la chini. Bomba la mita linajaza tangi hilo polepole kupitia vali ya boya, hata usiku kucha, na pampu huvuta kutoka kwenye tangi na si kwenye bomba. Mdomo wa bomba linalojaza ukae juu ya usawa wa maji, usizame, ili maji ya tangi yasiweze kurudi. Baada ya hapo pampu inaweza kupeleka maji kwenye tangi la juu au moja kwa moja kwenye mifereji ya ndani.

Pampu zinazojiwasha zina swichi ya presha, na wengi hutamani kuikaza ili maji yawe makali zaidi. Chini ya kifuniko cha swichi hiyo mna stima ya volti 240 iliyo wazi. Asiye fundi asiifungue. Na pampu ikijiwasha usiku hakuna aliyefungua maji, haihitaji kukazwa: kuna mahali panavuja.

Wenye kisima au maji ya mvua waliounganisha mabomba yao na ya mita kwa koki moja katikati wanapaswa kuyatenganisha. Koki hiyo ikiachwa wazi siku moja, maji ya kisima yanaweza kuingia kwenye bomba la mtaa.

Msukumo ukiwa mkubwa mno

Dalili zake ni rahisi kuzitambua: mabomba yanagonga ukutani mfereji unapofungwa ghafla, mipira ya mifereji inakufa kila mwezi, na zile paipu laini za chini ya sinki zinapasuka usiku au familia ikiwa safarini. Msukumo wa bar 2 hadi 3 unatosha nyumba ya kawaida. Ukipita bar 5 mifereji ikiwa imefungwa, unahitaji kupunguzwa.

Hapa kuna kosa ambalo hata mafundi hulifanya. Kufunga koki ya mita nusu hakupunguzi presha. Kunapunguza kiasi cha maji kinachopita wakati mfereji umefunguliwa. Ukifungwa, maji hujipenyeza taratibu na presha nyuma ya mfereji inarudi ile ile iliyo barabarani. Kifaa cha kazi hii ni vali ya kupunguza presha, inayofungwa upande wa mteja baada ya mita, pamoja na geji ya kusomea. Sili ya mita na koki iliyo kabla ya mita ni mali ya mtoa huduma, na mteja hapaswi kuzigusa.

Vali hiyo irekebishwe usiku au alfajiri, msukumo ukiwa juu. Funga mifereji yote, soma geji. Legeza nati inayoshikilia skrubu. Kwa vali nyingi, kuzungusha kulia hupandisha na kushoto hushusha, lakini soma karatasi iliyokuja nayo. Zungusha robo ya mzunguko tu, fungua mfereji mmoja kwa nusu dakika, ufunge, kisha usome tena. Hatua ya kufungua mfereji isirukwe: maji yaliyokwisha kufungiwa ndani hayatashuka presha mpaka yatolewe, na asiyejua hilo huzungusha skrubu hadi mwisho akidhani haifanyi kazi. Ukifika bar 2 au 3, kaza nati. Rudi baada ya saa moja. Geji ikiwa imepanda yenyewe bila mfereji kufunguliwa, kuna uchafu ndani ya vali na inahitaji kufunguliwa na fundi. Yeyote atakayeifungua afunge maji kwanza na aache mfereji wa chini kabisa wazi ili presha iishe.

Nyumba zenye hita ya sola zichukue tahadhari ya ziada. Nyingi za zile zenye mirija ya kioo na tangi la mviringo juu ya paa zimetengenezwa kwa maji yasiyo na msukumo. Hujazwa kutoka kwenye tangi dogo lenye boya, na hupasuka zikiunganishwa na bomba la mtaa. Zile zinazostahimili presha huwa na vali ya usalama inayotoa maji yakitanuka kwa joto. Vali hiyo ikidondosha matone, isizibwe kwa kizibo wala kukazwa. Inadondosha kwa sababu presha ndani imepanda, na ikizibwa, tangi la maji moto halina njia nyingine ya kupumua.

Kasoro ikiwa nje ya nyumba

Upimaji wa mtungi ukionyesha kwamba mfereji ulio karibu na mita nao ni dhaifu siku nzima, tatizo haliko kwako. Mjini taarifa hupelekwa KACUWASCO, shirika la kaunti la maji mijini. Vijijini hupelekwa kwa wanaosimamia mradi wa eneo hilo. Taarifa ya kusema tu kwamba hakuna maji humpa mtaalamu kazi ya kuanza kutafuta. Iandikwe hivi: namba ya mita, mtaa, saa ambazo mtungi ulipimwa na dakika ulizochukua kujaa, angalau asubuhi, mchana na usiku kwa siku tatu, na kama majirani wa upande wa juu na wa chini wana hali hiyo hiyo. Majirani wa juu wakiwa na maji na wa chini wakakosa, mafundi watajua waanze kuchimba kati ya nyumba zipi.